Alihama au Alituhama? Somo la Vitenzi Kutoka Uwanjani

Mlezi wa chama aliniomba niandike makala ya sarufi kwa ajili ya jarida letu, nami nikakubali upesi kabla hajabadili nia akampa mtu wa Kidato cha Nne. Najua wengi wenu mkiliona tu neno "sarufi" huruka kurasa mkatafuta vichekesho. Ngojeni kwanza. Leo sarufi tutaisomea uwanjani, siku ya kipute kikali, wakati jukwaa zima limesimama kumzomea mtu ambaye mwaka uliopita lilikuwa likimwimba.

Hebu tazameni sentensi hizi mbili:

Mchezaji alihama.
Mchezaji alituhama.

Katika "alihama" tuna a- ya nafsi ya tatu umoja, -li- ya wakati uliopita, mzizi -ham- na kiishio -a. Hiyo ni habari tu, sawa na kusema jirani alihama akaenda kuishi Nakuru. Hakuna anayelia. Katika "alituhama" kimeongezeka kiambishi kimoja cha mtendwa, -tu-, yaani sisi. Ni herufi mbili, lakini zimewahi kuwatoa watu wazima machozi na kuwafanya wachome jezi walizozinunua kwa pesa zao wenyewe.

Swali langu ni hili: hiyo -tu- imetoka wapi? Shabiki hakumzaa mchezaji. Hamlipi mshahara, ila kwa ile tikiti ya mlangoni. Wengi wao hawajawahi hata kumpa mkono. Kwa nini basi akiondoka waseme ametuhama, ametuacha, ametuuza?

Jibu, kwa maoni yangu, limo katika sentensi nyingine ambayo shabiki huyo huyo aliisema majuma machache kabla. Msikilizeni akitoka uwanjani timu yake ikishinda: "Tumewapiga mbili bila!" Wee, umepiga nani, bwana, nawe ulikuwa umeketi na njugu mkononi? Lakini hakuna anayemcheka, maana kila mtu anasema vivyo hivyo. Hapa -tu- ni kiambishi cha kiima, watendaji. Mchezaji akifunga, sote tumefunga. Sasa mtu aliyekubali kuingia katika kitenzi kama mtendaji siku ya furaha, atatokaje humo siku ya majonzi? Hawezi. Tu- ya "tumefunga" inahama tu kutoka mwanzo wa kitenzi hadi katikati, na waliokuwa watendaji wanageuka kuwa watendwa.

Haya tuyapime kwa kisa kinachojulikana duniani kote, kisa cha Luís Figo. Mreno huyu alijiunga na Barcelona mwaka 1995 akitokea Sporting ya Lisbon. Alikuwa winga hodari, akapendwa mno, akafikia kuvaa kitambaa cha unahodha. Mwezi Julai mwaka 2000 kulikuwa na uchaguzi wa rais wa klabu ya Real Madrid, ambao ndio mahasimu wakubwa wa Barcelona. Mgombea mmoja, Florentino Pérez, aliwaahidi wanachama kwamba akichaguliwa atamleta Figo Madrid, na kwamba akishindwa kumleta atawalipia ada zao za uanachama. Watu wakadhani ni porojo za kampeni (na sisi Wakenya porojo za kampeni twazijua). Pérez akashinda. Tarehe 24 Julai mwaka 2000 Figo akasimama mbele ya wapiga picha akiwa na jezi nyeupe ya Madrid. Bei ilikuwa peseta bilioni 10, takriban euro milioni 60, na wakati ule hakuna mchezaji duniani aliyewahi kununuliwa kwa kiasi hicho.

Sasa tupange vitenzi. Je, Figo aliuzwa? La. "Uzwa" ni kauli ya kutendwa, na lazima awepo muuzaji. Barcelona hawakutaka kuuza. Lau wangemuuza, hasira za mashabiki zingewamwagikia viongozi wa klabu, kama tunavyoona hapa kwetu nyota akiuzwa katikati ya msimu ati kwa sababu hazina ya klabu ni tupu. Je, alinunuliwa? Naam, Madrid walitoa pesa. Lakini sheria ya Uhispania ya mwaka 1985 inamruhusu mchezaji mwenyewe kuvunja mkataba wake mradi fidia iliyokubaliwa ilipwe. Kwa hiyo mbele ya sheria anayevunja mkataba ni mchezaji, hata kama mfuko uliotoa pesa ni wa klabu nyingine. Kiswahili kina neno linalofaa hapa: alijikomboa. Kiambishi -ji- kinatuambia kwamba mtendaji na mtendwa ni mtu mmoja.

Hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Panapo "aliuzwa" shabiki ana mtu wa tatu wa kumlaumu. Panapo "alijikomboa" hamna mtu wa tatu. Tena mtu hujikomboa kutoka kifungoni au utumwani. Je, kupendwa na watu elfu tisini kila Jumapili ni kifungo? Ndivyo walivyosikia mashabiki wa Barcelona.

Figo aliporudi uwanja wa Camp Nou tarehe 21 Oktoba mwaka 2000 akiwa na Madrid, walimpokea kwa mbinja na mabango. Moja ya majina waliyomwita ni "pesetero". Limetokana na peseta, sarafu ya Uhispania ya wakati huo, na maana yake ni mtu wa peseta, anayefuata pesa popote ziendako. Sisi tungesema mamluki, askari anayempigania yeyote amlipaye. Jina jingine lilikuwa Yuda, ambalo halihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyekaa darasa la CRE. Barcelona walishinda 2-0. Alipocheza tena huko mwezi Novemba mwaka 2002, kila alipokwenda kupiga kona vitu vilirushwa, mpaka mwamuzi akausimamisha mchezo kwa muda. Miongoni mwa vilivyookotwa kando ya uwanja kulikuwa na kichwa cha nguruwe. Mechi hiyo iliisha 0-0, na nadhani hakuna anayekumbuka kitu kingine kuihusu.

Lakini rudini kidogo kwenye ile mechi ya mwaka 2000. Mmoja wa waliofunga mabao mawili ya Barcelona ni Luis Enrique. Huyu naye alitoka wapi? Real Madrid! Alihamia Barcelona mwaka 1996. Kwa hiyo jioni ile uwanja mmoja ulimzomea mtu aliyehama kwenda Madrid na kumshangilia mtu aliyehama kutoka Madrid. Angalieni kazi ya kauli ya kutendea hapo: "alituhama" huleta mbinja, "alituhamia" huleta vigelegele. Tofauti ni -i- peke yake.

Uingereza kuna kisa cha Sol Campbell, nahodha wa Tottenham, klabu iliyomlea tangu utotoni. Mwaka 2001 mkataba wake ulikwisha, akavuka hadi Arsenal, majirani wasiopikika chungu kimoja na Tottenham. Hakuuzwa, hakununuliwa. Tangu hukumu ya mwaka 1995 katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, mchezaji wa huko ambaye mkataba wake umekwisha huenda atakako bila klabu yake kulipwa hata ndururu. Campbell alichukua ubingwa wa ligi na Kombe la FA katika msimu wake wa kwanza huko Arsenal. Mwaka 2004 Arsenal walitwaa ubingwa wa ligi katika uwanja wa Tottenham wenyewe, naye akiwamo uwanjani. Hata mimi nisiye na upande pale naona ilikuwa chumvi juu ya kidonda.

Tuje kwenye neno lenyewe, "msaliti". Kwa ufahamu wa kawaida, msaliti ni anayetoa siri za wenzake kwa adui, au anayevunja ahadi aliyowapa. Haini ni mkubwa zaidi. Uhaini ni kosa la jinai dhidi ya dola, na kumwita winga haini ni kulitumia rungu kuulia mbu. Kigeugeu hana msimamo, leo hapa kesho pale. Ndumakuwili ana nyuso mbili kwa wakati mmoja. Haya si maneno ya kubadilishana ovyo kama mashati ya bwenini. Mimi nashikilia kwamba pasipo ahadi hapana usaliti. Katika kisa cha Figo ahadi ilikuwepo: muda mfupi kabla ya kuondoka aliwahakikishia mashabiki kupitia gazeti kwamba angebaki Barcelona. Kwa hilo neno msaliti linamkaa vizuri, na wala halimkai kwa sababu ya zile bilioni 10. Kutafuta malisho mabichi si dhambi. Walimu pia huhama shule, na tunawaandalia keki.

Nayasema haya kwa sababu jambo la namna hiyo limetokea hapa hapa kwetu. Kiungo wetu mmoja, sitamtaja jina, alitupeleka hadi nusu fainali ya kaunti ndogo. Likizo ikaisha, shule zikafunguliwa, kitanda chake kikawa kitupu. Juma la tatu tukasikia yuko shule fulani ya jirani ambayo pia sitaitaja, na ambayo nyote mnaijua. Tulipokutana nao uwanjani wimbo wake ulibadilishwa maneno. Wengine walikataa kumsalimia kwenye lango, nao ni watu waliokuwa wakila naye maharagwe sahani moja. Mimi niliuliza swali la sarufi tu: alihama, au alihamishwa? Baadaye ilijulikana kwamba mzazi wake alishindwa na karo, na huko alikokwenda walimpa ufadhili kwa ajili ya miguu yake. Alihamishwa na karo, jamani. Na hakuwahi kumwahidi mtu yeyote kwamba angemaliza Kidato cha Nne nasi. Waliomwita msaliti walihitaji somo la kauli ya kutendeshwa kuliko walivyohitaji kombe.

Hata hivyo sitaki kuwacheka mashabiki. Uchungu wa Barcelona una mizizi mirefu kuliko soka. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939, rais wa Barcelona, Josep Sunyol, aliuawa na wanajeshi wa Jenerali Franco. Wakati wa utawala wa Franco, uliokwisha mwaka 1975, Kikatalani kiliondolewa shuleni na maofisini. (Ninyi mliowahi kuvishwa diski shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani mtaelewa kidogo.) Uwanja ukawa mahali ambapo watu waliweza kupiga kelele kwa lugha yao. Kwa watu kama hao Madrid haikuwa timu tu, ilikuwa makao ya serikali. Kwao Figo alionekana amevuka mpaka.

Linganisheni na sisi. Lugha yetu imewapa mahasimu wa soka majina gani? Tanzania, Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu zamani huitwa watani wa jadi. Mtani si adui. Mtani ana ruhusa ya kukudhihaki hata matangani, nawe huna ruhusa ya kununa. Hapa Kenya, pambano la Gor Mahia, iliyozaliwa mwaka 1968, na AFC Leopards, iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, huitwa debi ya mashemeji, kwa kuwa Wajaluo na Waluhya wameoana mno. Mawe yamerushwa katika mechi zetu, sikatai, na watu wameumia. Lakini majina yenyewe, utani na ushemeji, ni ya udugu. Anayevuka kutoka kwa mtani hadi kwa mtani hajatoka nje ya boma.

Ndiyo maana Emmanuel Okwi, Mganda, aliweza kujiunga na Yanga mwishoni mwa mwaka 2013 baada ya kuitumikia Simba, kisha mwaka 2014 akarudi Simba. Mwezi Julai mwaka 2024 Clatous Chama wa Zambia, aliyeitumikia Simba tangu mwaka 2018, ukiacha muda mfupi alipokuwa Morocco, alivuka hadi Yanga. Binamu yangu shabiki wa Simba hakula chakula cha jioni siku ile. Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kutuchekesha: ati sasa ameelewa maana ya "kuhama chama", ila safari hii Chama ndiye aliyehama. Wanasiasa wetu wangejifunza kwake.

Zoezi. Changanua vitenzi hivi kwa viambishi vyake: aliyetuhama, alituhamia, hakuhamishwa, walijiuza. Kisha tunga sentensi mbili kuhusu mchezaji unayempenda, moja ambayo -tu- ni watendaji na nyingine ambayo -tu- ni watendwa, ueleze ni ipi iliyo ngumu zaidi kuandika. Mwishowe, mwandikie barua fupi ya kirafiki yule kiungo wetu wa zamani, usitumie neno "saliti" popote. Majibu yawekwe katika sanduku la chama nje ya maktaba kabla ya mkutano wa Alhamisi. Barua zitakazopendeza zitatumwa kwake, anwani ninayo.