Vidokezo: Zamu Mchana, Muziki Usiku

Mashabiki wa bunilizi za kisayansi walifanya Worldcon ya kwanza New York mwaka 1939. Hadi leo kongamano hilo huendeshwa na watu wa kujitolea, kuanzia mpanga viti hadi mwenyekiti. Unatamani kuwa DJ wa dansi la usiku kwenye mikusanyiko ya namna hii? Vidokezo hivi hapa.

1. Nunua uanachama wako. Kwa desturi ya Worldcon, hata wanaojitolea hulipa. Hakuna mgeni na mwenyeji. Nyote wenye shughuli.

2. Omba kwanza zamu isiyogombewa: kubeba masanduku, kukagua beji mlangoni, kuelekeza waliopotea. Ukisaidiana na mafundi wa sauti mchana, usiku spika ikizima utajua wa kumwita, naye atakuja mbio.

3. Usingizi wa saa 5, milo 2, kuoga mara 1, kila siku. Mashabiki wa siku nyingi wanaijua kanuni hii kwa moyo. Usiidharau.

4. Jua historia ya muziki wao. Mwaka 1977 mwanamuziki Meco aliugeuza muziki wa filamu ya Star Wars kuwa disko, ukashika namba moja Marekani. Miaka miwili kabla, bendi ya Parliament walikuwa wameshatua na chombo chao cha angani katika albamu ya Mothership Connection. Fanki hiyo haijachuja hata kidogo. Na ukipiga muziki wa kufungulia kipindi cha Doctor Who, mkumbuke Delia Derbyshire. Mwaka 1963, ndani ya studio za BBC, aliujenga utunzi wa Ron Grainer kwa kukata na kuunga vipande vya tepu, sauti moja baada ya nyingine. Kwangu mimi, huyo ni bibi wa kila DJ. Muziki huo upe nafasi, usiukatize katikati.

5. Tazama mavazi kabla ya kuongeza kasi. Aliyevaa deraya la plastiki na kofia nzito haoni vizuri na anatokwa jasho jingi. Baada ya nyimbo tatu nne za moto, weka ya taratibu wapate kunywa maji. Taa za kumwekamweka zinaweza kumletea mtu mshtuko wa kifafa: tangaza mapema, au ziache kabisa.

6. Dansi likiwa hotelini, ghorofani kuna waliolala. Muulize msimamizi saa ya kupunguza besi, uifuate.

7. Wimbo wa mwisho ukiisha, kunja nyaya na wenzako. Asubuhi ukumbi huohuo una mjadala.