SOMO LA UVUVI: KUCHAGUA FIMBO NA RILI YA KUVULIA BESI KWA FEDHA KIDOGO

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni la kweli kwa mtu mvivu anayetafuta udhuru. Lakini mkulima mwenye bidii naye hanunui jembe bila kuutazama mpini wake. Ndivyo ilivyo kwa vyombo vya kuvulia. Fedha ya maziwa au ya viazi ni fedha ya jasho, na ikitumika kununua fimbo inayovunjika siku ya kwanza, ni hasara ya nyumba nzima. Somo hili litakuonyesha vitu vya kutazama kabla ya kufungua mkoba wako.

Besi ni samaki gani?

Besi ni samaki mwenye kinywa kikubwa, asili yake Marekani. Aliletwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929 ili watu wapate mchezo wa kuvua, na baadaye akatiwa pia katika mabwawa ya mashamba. Mpango wa kuwagawia wananchi mashamba makubwa ulipoanza mwaka 1962, wakulima wengi walipokea ardhi pamoja na mabwawa yaliyochimbwa na wenye mashamba wa zamani.

Besi hula samaki wadogo, vyura, wadudu, na wale kamba wekundu wa maji matamu ambao waliingizwa Naivasha mwaka 1970. Hapendi kuzungukazunguka ovyo. Hujificha penye kivuli, kando ya mafunjo, majani au kisiki kilichozama, akingojea windo lipite. Likipita, hulirukia kwa ghafula. Akinaswa huruka juu ya maji na kutikisa kichwa ili aitapike ndoana.

Kwa nini fimbo, na si wavu?

Tilapia akiwa katika bwawa dogo huzaa upesi sana. Wakizidi, chakula hakiwatoshi, na wote hubaki wadogo kama kidole. Besi huwala watoto wa tilapia, na hivyo wale wanaosalia hupata nafasi ya kukua. Basi besi ni mlinzi wa bwawa. Ukitupa wavu, utawatoa wakubwa na wadogo pamoja, na mwaka unaofuata bwawa litajaa tilapia wasiofaa kupikwa. Lakini kwa fimbo unamtoa samaki mmoja mmoja. Aliye mdogo unamrudisha majini akiwa hai. Aliye mkubwa unampeleka jikoni.

Ndiyo sababu fimbo yenyewe haina budi kuwa na nguvu za kutosha. Chombo dhaifu humchosha samaki kwa muda mrefu hata akirudishwa hufa. Au mshipi hukatika, naye huenda zake na ndoana kinywani.

Je, unahitaji rili kweli?

Jiulize swali hili kwanza, maana jibu lake laweza kukuokolea fedha zote. Kama unataka tilapia wa kitoweo tu, mwanzi mkavu wa futi 10, mshipi wenye urefu sawa na mwanzi huo, kiboya cha kizibo, ndoana ndogo na mnyoo vyatosha. Hata besi wadogo wanaokaa karibu na ukingo hunaswa kwa mwanzi.

Lakini besi wakubwa mara nyingi hukaa mbali na ukingo, mahali ambapo mwanzi haufiki. Hapo ndipo rili inapohitajika. Rili ni kile kigurudumu kinachofungwa kwenye fimbo na kukunja mshipi. Kwa rili unaweza kurusha chambo mbali, kukivuta polepole, na kumwachia samaki mshipi kidogo anapokimbia.

Kuchagua fimbo

Urefu. Kwa mtu anayevua akisimama ukingoni mwa bwawa, fimbo ya futi 6 hadi 6 na nusu yafaa. Iliyo fupi zaidi hairushi mbali. Iliyo ndefu zaidi hukwama katika miti, na ni taabu kuibeba ndani ya matatu au juu ya baiskeli.

Nguvu. Juu kidogo ya mshikio pameandikwa urefu wa fimbo, nguvu yake, kadiri ya mshipi inayouweza, na uzito wa chambo. Tafuta herufi M, maana yake nguvu ya wastani. Uzito wa chambo uwe kati ya gramu 7 na 18 hivi, na mshipi kati ya ratili 8 na 12. Fimbo isiyokuwa na maandishi hayo iache dukani.

Kitu ilichotengenezwa. Fimbo za bei nafuu ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya nyuzi za kioo. Ni nzito kidogo, lakini ni ngumu, huvumilia kugongwa, na bei yake ni ya chini. Ya pili ni ya kaboni. Ni nyepesi, nayo humpa mvuvi habari upesi samaki anapogusa chambo. Lakini ikigongwa kwenye jiwe hupata ufa usioonekana, na siku nyingine hukatika. Kwa mtu anayeanza, na kwa nyumba yenye watoto wanaopenda kujaribu kila kitu, ya nyuzi za kioo ndiyo bora. Ziko pia zilizochanganywa aina hizo mbili, nazo si mbaya.

Hapa pana jambo la hatari. Kaboni hupitisha umeme. Usipite na fimbo ukiiinua chini ya waya za umeme, wala usivue radi inapopiga. Hata fimbo ya aina nyingine au mwanzi ukilowa maji waweza kuua. Mawingu yakianza kunguruma, weka fimbo chini na uondoke majini.

Vipande. Fimbo ya vipande viwili ni rahisi kubeba. Iunganishe palepale dukani. Kiungo kikaze vizuri, kisichezecheze wala kugonga unapotikisa.

Pete. Mshipi hupita katika pete zilizofungwa juu ya fimbo. Fumba jicho moja utazame kutoka mshikioni mpaka nchani, kama unavyotazama nguzo za ua kama zimenyooka. Pete zote ziwe katika mstari mmoja. Kisha chukua pamba kidogo uizungushe ndani ya kila pete. Ikinasa nyuzi, pete hiyo ina ufa, nayo itaukata mshipi wako. Mwisho, tazama pale rili inapofungwa. Skurubu ikaze sawasawa, isilegee.

Kuchagua rili

Utakuta rili za namna tatu.

1. Rili iliyofunikwa, ambayo huachia mshipi kwa kubonyeza kitufe. Ni rahisi kujifunza, hata mtoto aiweza. Lakini nyingi za bei ndogo zina meno laini ndani, na hazivumilii samaki mkubwa.

2. Rili ya wazi, inayoning'inia chini ya fimbo, yenye waya uliopinda wa kufungua na kufunga. Hii hurusha vyambo vyepesi vizuri, na vipuri vyake si vigumu kuelewa.

3. Rili ya kukaa juu ya fimbo, ambayo ngoma yake huzunguka mshipi unapotoka. Ni nzuri kwa mzoefu. Mgeni akiitumia, ngoma hukimbia kuliko chambo, na mshipi hufanya kiota cha ndege. Tena zile za bei ndogo ndizo zenye kusumbua zaidi.

Basi chagua ile ya pili. Ukubwa unaofaa ni ule ambao watengenezaji wengi huuandika 2500 au 3000. Usihadaike na muuzaji anayejisifu kwamba rili yake ina golori nyingi ndani. Golori chache zilizo nzuri hushinda nyingi zilizo mbovu. Ijaribu hivi:

Zungusha mkono wake polepole, kisha upesi. Usisikie mkwaruzo wala kutetemeka.

Fungua ule waya uliopinda, kisha ufunge, mara 10. Usikwame hata mara moja.

Tazama kigurudumu kidogo ambacho mshipi hupita juu yake. Sharti kizunguke. Kisipozunguka, mshipi utakichimba mfereji, kisha mfereji huo utaukata mshipi.

Kaza breki nusu, uvute mshipi kwa mkono. Utoke taratibu bila kushtuka-shtuka. Breki hii ndiyo roho ya rili. Ikishika na kuachia kwa vishindo, samaki mkubwa atakata mshipi.

Mshipi

Kwa besi, mshipi wa nailoni wa ratili 10 watosha. Ratili 10 ni kama kilo 4 na nusu. Bwawa likiwa na visiki vingi, tumia wa ratili 12. Usinunue mshipi uliokaa dirishani mwa duka juani, maana jua huudhoofisha. Jaza ngoma mpaka ibaki nafasi ya milimita 2 hivi kufika ukingoni. Ukipunguza, hutarusha mbali. Ukizidisha, mshipi utamwagika wenyewe.

Ili kuipima breki, fungia mshipi pakiti ya sukari ya kilo 1 na uinyanyue ukiwa umeelekeza fimbo chini. Breki iweze kuibeba pakiti hiyo, lakini ukiongeza kuvuta kwa mkono kidogo tu, iachie. Hiyo ni karibu robo ya nguvu ya mshipi wa ratili 10, nayo ndiyo kadiri inayofaa.

Kufunga ndoana, pitisha mshipi katika tundu lake, usokote mara 5 kuzunguka mshipi wenyewe, urudishe ncha katika kitanzi kilicho karibu na tundu, lowesha kwa mate, kisha vuta polepole mpaka fundo likaze. Fundo likikazwa kavu huungua na kudhoofika.

Hesabu ya fedha

Gawa fedha uliyotenga katika mafungu 10. Mafungu 4 ni ya rili, kwa sababu ndiyo yenye mashine. Mafungu 3 ni ya fimbo. Fungu 1 ni la mshipi, 1 la ndoana na vyambo, na 1 liweke kwa ajili ya leseni na matengenezo. Tuseme umetenga shilingi 4,000. Rili itapata 1,600, fimbo 1,200, na vingine 400 kila kimoja. Huo ni mfano wa hesabu tu, si bei ya duka.

Mara nyingi fimbo na rili huuzwa pamoja kwa bei iliyo chini kuliko kununua kimoja kimoja. Hiyo yafaa, lakini pima kila kimoja kama tulivyoeleza, na uwe tayari kuubadilisha mshipi uliokuja nao, kwa maana mara nyingi si mzuri. Chombo kilichokwisha tumika pia si kibaya, kikifaulu majaribio hayo hayo. Tena si lazima kila mtu awe na chake. Majirani watatu wakichanga, waweza kupata fimbo moja nzuri kuliko kila mmoja kununua yake mbovu.

Lakini usikope fedha kwa ajili ya fimbo, wala usiguse karo ya shule au fedha ya mbolea. Mwanzi upo, nao ni bure.

Kutunza

Ukirudi nyumbani, futa fimbo na rili kwa kitambaa chenye maji safi, kisha vikauke kivulini. Legeza breki. Mara moja kwa mwezi tia tone moja la mafuta ya cherehani penye mkono wa rili na kigurudumu cha mshipi. Usitie mafuta ya kupikia, maana huganda. Itundike fimbo ukutani. Usiilaze chini wanapopita ng'ombe. Mabaki ya mshipi usiyatupe ukingoni. Ndege hunasa miguu, na ng'ombe akiyameza pamoja na majani aweza kufa.

Kabla ya kwenda majini

Mwone afisa wa uvuvi wa kaunti yako akueleze habari za leseni na kanuni za mahali pale. Kama bwawa ni la wakulima wote, pata ruhusa ya kamati yenu. Usimhamishe besi kutoka bwawa moja hadi jingine, wala usimtie mtoni, bila idhini. Yeye ni mla samaki, na aweza kuwamaliza samaki wa asili. Watoto wasiende peke yao. Na penye viboko, usivue alfajiri wala jioni, hata kama ndizo saa ambazo besi hula sana.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mkulima asimalize besi wote katika bwawa lenye tilapia?
2. Utajuaje kwamba pete ya fimbo ina ufa?
3. Ni rili ya namna gani inayomfaa mtu anayeanza, na kwa sababu gani?
4. Breki ya rili hupimwaje kwa pakiti ya sukari?
5. Kwa nini fimbo ya kaboni ni hatari chini ya waya za umeme?

Msomee jirani yako somo hili, hasa yule anayefikiri kununua fimbo siku ya soko. Chukua pamba kidogo mfukoni mwako, nenda dukani mchana penye mwanga, na usione haya kumwambia muuzaji akupe nafasi ya kujaribu. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakasirika.