Uvimbe wa Shingo: Picha Kwanza, Kisu Baadaye

Uvimbe ukitokea shingoni, wengi huanza kwa kuuchua na dawa, wakahamia antibayotiki za duka la dawa, kisha wakangoja. Kungoja kidogo si kosa, maana matezi huvimba kwa jino bovu au koo na kunywea yenyewe. Wiki tatu zikipita uvimbe ukiwa palepale, nenda hospitali. Ukiwa mgumu na unakua, au ukiambatana na sauti iliyokauka, damu puani, shida ya kumeza au sikio moja kuziba, usingoje hata hizo wiki tatu.

Kipimo cha kwanza mara nyingi ni altrasaundi. Hakina mionzi, hakiumi, na hospitali nyingi za wilaya zinacho. Unalala chali, unapakwa jeli ya baridi, mpimaji anatembeza kifaa shingoni huku akitazama umbo la kila tezi. Tezi ya limfu iliyo salama ni bapa kama haragwe na katikati ina mstari mweupe wa mafuta. Ikiwa imeviringana na mstari umepotea, anaingiwa na shaka. Hapo hufuata sindano nyembamba, ikiongozwa na picha ileile, kunyonya chembe za kupeleka maabara. Kwetu si majibu machache yanayorudi kuwa kifua kikuu cha matezi, nacho hutibika kwa dawa. Kwa hiyo usikubali uvimbe ukatwe kabla ya picha na sindano. Kama ni saratani iliyoanzia kooni, kuukata ovyo huweza kuvuruga matibabu yote yanayofuata.

Baada ya hapo huenda ukatumwa CT au MRI, kuonyesha ugonjwa umefika wapi. Sema mapema kama una mimba, ugonjwa wa figo, mzio, au chuma chochote mwilini.

Vivimbe vya tezi dundumio, ile ya mbele ya koo, vinahitaji utulivu zaidi. Korea Kusini ilipoeneza altrasaundi kwa watu wasio na dalili, kufikia 2011 saratani za tezi hiyo zilizogunduliwa zilikuwa mara 15 ya zile za 1993, lakini vifo havikupungua. Watu wengi walitolewa tezi kwa ugonjwa ambao usingewadhuru, wakabaki kunywa vidonge vya homoni maisha yao yote. Ndiyo maana mwongozo wa Chuo cha Wanaradiolojia cha Marekani wa 2017 unavipa vivimbe alama. Kilichojaa maji hakihitaji sindano. Chenye shaka kubwa huchomwa kikifika sentimita 1, cha shaka ya wastani 1.5, cha shaka ndogo 2.5. Ukipewa majibu, uliza mambo mawili: ukubwa na alama.

Utafiti wa picha umewaokoa wagonjwa na visu visivyo vya lazima pia. Uingereza, wagonjwa 564 ambao saratani ilikuwa imefika kwenye matezi ya shingo waligawanywa mafungu mawili, na yote mawili yalipata tiba ya mionzi na dawa. La kwanza walipasuliwa kuondoa matezi kama ilivyokuwa desturi. La pili walipigwa PET-CT, skani inayoonyesha chembe zinazokula sukari nyingi, wiki 12 baada ya tiba, na waliopasuliwa ni wale tu ambao picha iliacha shaka. Matokeo yalitoka 2016: operesheni 221 dhidi ya 54, na baada ya miaka 2 waliokuwa hai ni asilimia 81.5 dhidi ya 84.9. Mashine hizi bado ni chache Afrika Mashariki, ingawa Nairobi zipo.

Anayeandaliwa mionzi ya kichwa na shingo aulize kama tezi zake za mate zitakingwa. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa 2011 kwa wagonjwa 94, ulilinganisha mionzi ya kawaida na ile inayopangwa kwa kompyuta kukwepa tezi hizo. Baada ya mwaka, waliosumbuliwa na ukavu wa mdomo walikuwa asilimia 74 kwa mionzi ya kawaida na 38 kwa ile ya kukwepa. Mdomo mkavu si jambo dogo: ugali haumezeki bila maji, usingizi hukatika, meno huoza haraka.

Muone daktari wa meno kabla ya mionzi kuanza. Jino bovu ling'olewe mapema na kidonda kipone, kwa sababu taya lililopigwa mionzi hupona kwa taabu sana. Na kila picha uliyopigwa, pamoja na CD yake, itunze na uibebe kila unapokwenda kliniki, daktari ailinganishe na mpya.