SOMO LA WIKI: KISHIKWAMBI CHA WINDOWS MAHALI PA KOMPYUTA YA MEZANI

Wakala wa forodha wa Tunduma ana ofisi mbili: meza yake mjini, na foleni ya malori mpakani. Tangu Kituo cha Huduma za Pamoja cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019, nyaraka zinatakiwa ziwe tayari lori linapofika. Kompyuta ya mezani haiwezi kumfuata huko. Isitoshe, umeme ukikatika na hana UPS, kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea.

Kishikwambi cha Windows kinaziba mapengo hayo. Ofisini hukaa kwenye doki, yaani kifaa cha kuunganishia: waya mmoja unaleta umeme, skrini kubwa, kibodi, mausi na printa. Umeme ukikatika, skrini kubwa huzimika lakini kazi hubaki kwenye kioo cha kishikwambi, kikiendeshwa na betri yake.

Hasara huanzia dukani. Si kila tundu la USB-C hupitisha picha. Mengine huchaji tu. Mwambie muuzaji aunganishe skrini mbele yako kabla hujatoa fedha. Surface Pro 6 na zilizotangulia hazina tundu hilo kabisa, hivyo utahitaji doki inayolingana nazo. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Surface Pro 6 ya mwaka 2018 inapokea Windows 11, ile ya 2017 haimo katika orodha. Kwa mtumba, tofauti hiyo ya mwaka mmoja ni fedha yako.

RAM isipungue GB 8, kwa kuwa katika vishikwambi vingi haiongezwi baadaye. Vyenye prosesa ya Snapdragon vinatunza chaji vizuri, lakini printa ya zamani huenda ikakosa programu yake ya kuiendesha. Nenda nayo dukani.

Kwa karani asiyetoka kaunta, bado tunaona kompyuta ya mezani ni nafuu, na fundi yeyote huifungua.

Anayehama ajue pia kwamba mkoba ukiibwa stendi, vitabu vya hesabu vimekwenda nao. Washa ulinzi wa kufunga data kwa nywila, na kila jioni nakili kazi kwenye diski ya nje inayobaki ofisini.