JIWE NALO LINA SAFARI YAKE

Na Mwanafunzi, Kidato cha Tatu

Wengi wetu hudhani jiwe ni jiwe tu. La hasha! Tutazame miamba ya Mangari, kule Taita Taveta, ambako rubi nyekundu huchimbwa.

Mangari imo katika Ukanda wa Msumbiji, jina lililotolewa na Mwingereza Arthur Holmes mwaka wa 1951. Ukanda huu ni mabaki ya milima mirefu iliyoinuka takriban miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita, mabara ya kale yalipogongana. Mvua na upepo vimeila milima hiyo. Leo tunakanyaga mizizi yake tu.

Je, kulitokea nini? Chini ya ganda la dunia mna tabaka la kati. Mwamba wake mkuu ni peridotiti: mzito, wa kijani, umejaa madini ya olivini. Mabara yalipogongana, vipande vya mwamba wa aina hii vilibanwa katikati ya miamba ya juu.

Hapo joto likafika nyuzi 700 hivi. Mwamba ule una silika chache, nao majirani wake wana silika na alumini kwa wingi. Basi silika ikahama kwa jirani kwenda kwenye mwamba mgeni. Alumini iliyoachwa nyuma ikaungana na oksijeni, ikawa korundi. Kromi kidogo kutoka kwa yule mgeni ikaitia wekundu. Hiyo ndiyo rubi!

Baadaye miamba ilipanda na kupoa. Maji yakapenya, olivini ikageuka serpentini, jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya nyoka. Twajuaje kwamba ilikuja mwisho? Kwa sababu serpentini haivumilii joto lile la kwanza.

Kwa hivyo rubi haikai popote. Hukaa mpakani, pale miamba hiyo miwili inapokutana. Mjomba wangu ni mchimbaji mdogo, na shimo moja humla miezi mingi. Anayejua kuufuata mpaka huo hupunguza mashimo ya bure.

Ndugu zangu, tusiseme eti Jiografia ni ya kukariri siku ya mtihani. Elimu ni mwangaza, hata ndani ya shimo.