Kuteua Kivumishi cha Sifa: Nomino "Mji"

Malengo ya somo

Baada ya somo hili, mwalimu tarajali aweze:
(a) kutofautisha maana za vivumishi vya sifa vinavyokaribiana;
(b) kuteua kivumishi kinachoafikiana na nomino kimaana na kisarufi;
(c) kumwongoza mwanafunzi kurekebisha kivumishi kisichofaa.

Utangulizi

Nomino "mji" imo katika ngeli ya U-I, na haimsumbui mwanafunzi wa Rwanda. Inafanana na "umujyi" ya Kinyarwanda kwa umbo na kwa upatanisho: anayesema *umujyi munini, imijyi minini* hujifunza upesi kusema *mji mkubwa, miji mikubwa*. Wepesi huo una hatari yake. Kiambishi kinapokuwa sahihi, mwanafunzi hudhani kazi imekwisha, nasi walimu huenda tukadhani hivyo hivyo.

Tuchukue sentensi inayopatikana katika insha nyingi: "Kigali ni mji mzuri." Haina kosa la sarufi. Hata hivyo, sifa hiyo ingeweza kutajwa kuhusu Huye, Musanze au Mombasa bila kubadili neno jingine. Kivumishi kimepatanishwa ipasavyo, lakini hakijatoa habari. Kufundisha vivumishi, basi, ni kufundisha mambo mawili: upatanisho na uteuzi. Somo hili linahusu hasa uteuzi.

1. Ukubwa na hadhi: *mkubwa, mkuu*

Mzizi *-kubwa* hutaja kipimo, kama vile eneo au idadi ya watu. Mzizi *-kuu* hutaja hadhi. Mji mkuu wa Tanzania ni Dodoma, ilhali mji mkubwa kuliko yote nchini humo ni Dar es Salaam. Mwanafunzi akiandika "Mji mkubwa kuliko yote Tanzania ni Dodoma", sarufi yake ni sahihi lakini habari yake ni potofu, na kosa limo katika kivumishi kimoja.

Tofauti hii haionekani kwa urahisi hapa kwetu, kwa sababu Kigali una sifa zote mbili: ni mji mkuu, tena ni mji mkubwa, wenye wakazi zaidi ya milioni 1.7 kwa sensa ya mwaka 2022. Lakini Kigali ulipofanywa mji mkuu, Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962, ulikuwa bado mji mdogo. Tunaweza kuandika "Kigali ulikuwa mji mkuu mdogo" bila kujipinga, maana kivumishi cha kwanza kinataja hadhi na cha pili kinataja kipimo.

Kinyarwanda kinatusaidia hapa. *Umurwa mukuru* na *umujyi munini* ni semi mbili zenye maana mbili. Mwalimu aanzie kwenye tofauti hiyo ambayo mwanafunzi anayo tayari.

2. Umri: *mkongwe, wa kale, mkuukuu*

Hapa Kinyarwanda hakisaidii sana. Kitenzi kimoja kinatosha kwa mtu na kwa kitu: *umuntu ushaje, inzu ishaje*. Kiswahili hugawa maana hiyo:

*-zee* hutumika hasa kwa viumbe hai: mtu mzee, ng'ombe mzee.
*-kuukuu* hutumika kwa vitu vilivyochakaa: nguo kuukuu, baiskeli kuukuu.
*-kongwe* hutaja umri mrefu, mara nyingi pamoja na heshima.
*-a kale* huhusisha kitu na zama zilizopita.

Ndiyo maana Zanzibar ina Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mombasa ina Mji wa Kale. Kuuita mojawapo "mji mkuukuu" ni kuutukana. Mwalimu atahadhari: kwa kuwa *mkuukuu* hufanana na *mkuu* iliyorudiwa, mwanafunzi anaweza kudhani maana yake ni "mkuu sana".

Kivumishi kipimwe pia kwa ukweli wa jambo lenyewe. Kigali ulianzishwa mwaka 1907. Kuuita mji mkongwe, ukilinganishwa na miji ya pwani yenye umri wa karne nyingi, ni kutia chumvi.

3. Hali: *safi, mchafu*

Vivumishi vingi vyenye asili ya Kiarabu havipokei kiambishi cha upatanisho: mji *safi*, mji *salama*, mji *maarufu*, mji *ghali*. Vyenye asili ya Kibantu hupokea: mji *mtulivu*, mji *mchangamfu*, mji *mchafu*. Mwanafunzi aliyezoea "mchafu" huunda kinyume chake kwa kufuata kigezo hicho hicho na kuandika "msafi". Umbo hilo husikika katika mazungumzo, hata kwa wasemaji wazawa. Katika maandishi sanifu tunaandika "mji safi, miji safi".

Maswali matatu ya kuteua

Kabla ya kuweka alama ya vema, mwalimu amzoeze mwanafunzi kujiuliza:
1. Kivumishi hiki kinataja nini: kipimo, hadhi, umri au hali?
2. Je, ninalosema ni kweli kuhusu mji huu, au lingefaa kwa mji wowote?
3. Je, kivumishi hiki hupokea kiambishi?

Swali la tatu ndilo tulilozoea kulisahihisha kwa kalamu nyekundu. Mawili ya kwanza ndiyo yanayomfanya mwanafunzi afikiri kabla ya kuandika.

Zoezi

1. Rekebisha sentensi zifuatazo, kisha eleza sababu:
(a) Gitega ni mji mkubwa kuliko yote nchini Burundi.
(b) Watalii huvutiwa na mji mkuukuu wa Lamu.
(c) Baada ya kazi ya umuganda, wakazi waliona fahari kuwa na mji msafi.

2. Andika upya sentensi "Kigali ni mji mzuri" mara tatu, kila mara kwa kivumishi kingine. Fuatisha kila sentensi na nyingine moja inayothibitisha sifa uliyoitaja.

3. Teua nomino nyingine ya kawaida, kwa mfano "njia" au "chakula". Andaa jedwali la vivumishi vinavyoandamana nayo, ukionyesha mahali Kinyarwanda kinapomsaidia mwanafunzi na mahali kinapompotosha.