Je, Fikira za Huzuni Huua Moyo?

Somo la mwezi huu latokana na swali la vijana wasomao: Je, yafaa kusoma vitabu vinenavyo kwamba maisha hayana maana? Wazee wengine hujibu, La, huvunja moyo. Na tulipime jambo hili kwa mifano miwili.

1. Kichwamaji. Kitabu hiki alikiandika Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kikatolewa mwaka 1974. Kijana Kazimoto, mtu wa elimu, auliza juu ya Mungu, juu ya mauti, juu ya maana ya kuishi. Hapati jibu la kumtuliza, na mwisho ajiua. Msomaji hukifunga kitabu kwa moyo mzito. Lakini mwangalieni mwandishi mwenyewe. Alitoa Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975 na Nagona mwaka 1990, akafundisha katika vyuo vikuu miaka mingi, akafariki mwaka 2020. Maswali yale mazito hayakumlegeza mkono.

2. Mhubiri. Katika Biblia pia mna kitabu cha namna hii. Mhubiri aona kwamba mwenye hekima na mpumbavu hufa sawasawa, na mali ya mtu huachiwa asiyeitolea jasho. Tena asema hatujui mbegu ipi itastawi. Je, atuambia tukae kitako? Hasha! Katika mlango wa 11 atuagiza tupande asubuhi na jioni pia, kwa sababu hiyo hiyo ya kutojua. Mkulima wa Shanwe alifahamu neno hili: angojaye kuhakikishiwa mvua hapandi mahindi kamwe.

Basi, wazo ni moja, njia ni mbili. Atakaye kujua maana yote kwanza ndipo aishi, wazo hili humlemea. Aipokeaye siku yake kama kipawa, hula chakula chake kwa furaha, maana ajua haidumu. Wazo humwondolea majivuno, wala halimwondolei jembe.

Lakini yatupasa kuangalia. Mtu aliyekwisha kuzama katika huzuni, anenaye habari za kufa, tusimpe kitabu wala mabishano. Tuketi naye, tusimwache peke yake, tumfikishe hospitali.

Maswali ya kufikiri:
(a) Kutojua kesho kwakuzuia kazi gani leo?
(b) Ni nani jirani yako asiyepaswa kuachwa peke yake?